Maji ya Nane

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba yale maji hayafai alikuwa dada yangu mdogo. Alisema kwa mzaha, nami nikacheka, na mambo yakapita. Sasa nimezeeka, siwezi kutembea hadi Ukunda bila kupumzika njiani, na kila nikitia udhu naisikia ile sauti yake.

Nilifanya kazi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijijini kwetu wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Watu walidhani nitavaa tai. Nikapewa majitaka. Nyuma ya hoteli, ng'ambo ya ukuta uliofunikwa na maua, palikuwa na mahali ambapo maji yote ya vyooni, mabafuni na jikoni yaliletwa kwa mabomba yasafishwe kabla ya kumwagiliwa bustanini. Yaliingia kwanza katika tangi kubwa la saruji, na humo mashine tuliyoiita blowa ilipuliza hewa kutoka chini hata maji yakafoka kama uji jikoni. Yakitoka hapo yalitulia katika tangi la pili ili tope lishuke. Maji ya juu yakapita kwenye changarawe na matete, na mwisho yakaingia katika bwawa dogo ambamo nilifuga tilapia.

Samaki wale hawakuwa pambo. Wengi wetu tuliofanya kazi hiyo tulikuwa nao katika bwawa la mwisho, kwa sababu walitusemea. Mkaguzi akija, sikumpeleka ofisini kwanza. Nilimpeleka bwawani, nikatupa ganda la mkate, samaki wakarukia, mkaguzi akacheka, akaandika anachoandika. Samaki akiishi, maji ni mazima. Nani angebisha?

Nilikuwa na kipimo kingine pia, nilichokipata chuoni tulikosomea Kurani tukiwa watoto. Maalim alitufundisha kwamba maji ya kujitahirishia yatazamwe mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kila asubuhi nilichota maji ya bwawa kwa kata, nikayainua kwenye mwanga, nikayanusa. Hayakuwa na rangi, hayakuwa na harufu. Nikaridhika. Kosa halikuwa la Maalim wala la kanuni yake. Yeye alikuwa akisema kuhusu udhu, na mimi nikaifanya kanuni ile kuwa cheti cha mtambo wa hoteli, kwa kuwa ilinipunguzia kazi ya kufikiri.

Na kazi nyingine niliipunguza mwenyewe. Wageni wa nyumba za bustanini walilalamika kwamba blowa inanguruma. Meneja, kijana wa bara aliyekuwa hakai mahali pamoja, akapita mbio akaniambia, "Mzee, hiyo kelele tafadhali. Fanya vile unajua."

Nilijua kwamba ningeweza kuijengea chumba cha matofali ya matumbawe ikanguruma humo peke yake. Lakini chumba kilitaka barua, fundi, na kufuatilia. Kuzima kulitaka kidole. Nikawa naizima baada ya staftahi hadi alasiri, na mchana nikalala vizuri chini ya kibanda changu. Isitoshe, nililichukia tope. Mtu anayeshika najisi kutwa hupenda kuonekana msafi kupita wengine, na mimi nilikuwa hivyo. Kila mwezi nililitoa tope lote la tangini, jeusi, linanuka, nikasugua kuta kama anayesugua sufuria. Nilijisifu kwa hilo. Hakuna aliyeniamuru.

Dada yangu nimesema alikuwa mdogo wangu, lakini chuoni alinipita. Mimi nilisukumwa hadi nikahitimu, yeye alihifadhi bila kupigwa. Aliolewa mara mbili na mara mbili akarudishwa nyumbani, kwa sababu hakuzaa. Mume wa pili hata hakumtukana. Alimleta kwa upole na sanduku lake, akasema, "Nataka watoto, shemeji zangu, nisameheni." Tangu hapo akakaa katika nyumba ya wazee wetu, juu ya Msambweni, njia ya kwenda Kikoneni, akilima mihogo na kusuka makuti.

Kisha wanawake wa kule wakafanya kikundi, wakachimba bwawa la samaki bondeni. Walichimba wenyewe kwa majembe, na dada yangu alikuwa wa mbele. Bwawa likajaa maji ya mvua na ya kijito, lakini samaki wa kuanzia hawakuwapata. Ndipo akanikumbuka.

Nilimpitisha mlango wa wafanyakazi. Alipofika kwenye tangi la kwanza alijiziba pua kwa leso.

"Kaka! Kumbe mavi ya watalii nayo hunuka?"

"Ulidhani yananukia nini, udi?"

"Mimi nilidhani kwa vyakula wanavyokula, angalau yatanukia iliki."

Nikamsogeza hadi bwawa la mwisho. Jua lilikuwa kali, na samaki walionekana hadi chini, wakubwa niliowanunua zamani kutoka kwa mfugaji mmoja wa Kwale, na vifaranga vyao makundi kwa makundi. Alichuchumaa, akatazama. Halafu akauliza kama kweli maji haya ndiyo yale ya kule mwanzo.

Nilitaka kumwonyesha. Nikachota kwa kata, nikasukutua mbele yake, nikatema.

"We! Utakufa wewe! Astaghfirullah!"

"Rangi, ladha, harufu," nikamwambia. "Umesahau chuo?"

"Chuo nikisahau mimi utakikumbuka wewe? Maji ni saba." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji, na ya mvua ya mawe. Haya yako ya nane umeyatoa kitabu gani?"

Nilicheka hadi nikashika ubavu. Yeye pia alicheka. Lakini alikuwa ameniamini, maana mimi ndimi niliyesoma shule, na hivyo tulijaza ndoo mbili za vifaranga, tukazifunika kwa leso yake ile ile, na akaondoka nazo akizishika kama mtu aliyebeba mayai.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Samaki walinenepa. Siku ya kuvua alinipigia simu nikasikia vigelegele nyuma yake. Wanawake walikula, wakauza, na wakubwa wakawabakiza bwawani wazae. Dada yangu ndiye aliyepewa kazi ya kuwalisha, asubuhi na jioni. Alisema wanamjua, wanakuja akipiga maji kwa kiganja.

Hawakuzaa.

"Kaka, ajabu," aliniambia. "Tukimpasua samaki, amejaa mayai. Tumbo limetuna. Lakini kifaranga hata mmoja simwoni bwawani. Yanakwenda wapi mayai hayo?"

Nikamwambia asubiri msimu. Akasubiri. Pale kijijini lakini kusubiri kuna mwisho, na maneno yakaanza. Sikuyasikia mwenyewe, nilisimuliwa na yeye, akijaribu kuyafanya mzaha. Kwamba mkono wake mkavu. Kwamba kila anachokishika hakizai. Mwenyekiti wa kikundi, mwanamke tuliyekua naye, alimwita kando akamwambia kwa sauti ya mapenzi, "Mama, si kwa ubaya. Wewe kaa kwenye kuuza. Majini waingie wenye watoto."

"Nimewaambia sawa," dada yangu alisema kwenye simu. "Nitauza nini sasa, na samaki hawapo? Nitauza maji?"

Mwezi ule ule alifika hotelini mtafiti kutoka chuo kikuu, binti wa miwani, na kasha la barafu lililojaa chupa za kioo cheusi. Alikuwa akipima majitaka ya mahali kadhaa pwani. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo baba," akakaa nami siku tatu, akichota maji katika kila hatua. Siku ya tatu aliomba samaki. Nikampa karai zima. Akawapasua juu ya meza yangu, mmoja mmoja, kwa kisu kidogo kama cha kunyolea. Alipofika karibu na mwisho aliinua uso.

"Baba, madume yako wapi?"

Nikamwonyesha yale mazee niliyoyanunua. Hayo aliyaona. Waliozaliwa humu bwawani, alisema, ni majike karibu wote. Akaniita nitazame mmoja ambaye mfuko wake wa mbegu za kiume ulikuwa na mayai ndani yake, madogo, ya manjano, kama punje za mtama. Nimeona mengi katika kazi ile, lakini hilo liliniondolea hamu ya chakula.

Alinieleza taratibu, naye hakunidharau. Mwili, alisema, hujiendesha kwa maagizo yaitwayo homoni, mengine yanauambia ota ndevu, mengine shika mimba. Yakishamaliza kazi hutoka na mkojo. Kila mtu anayatoa, mwanamke mjamzito zaidi, na anayemeza vidonge vya kupanga uzazi anatoa na ya vidonge. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, hakina rangi wala harufu. Lakini kifaranga cha samaki kikianguliwa bado hakijaamua kitakuwa nini, na kikioga maagizo ya kike tangu siku ya kwanza, kinakuwa jike hata kama kilianza safari ya udume.

"Lakini mtambo unasafisha," nikasema.

"Unaweza kusafisha, baba. Mtambo kama huu unaweza kuondoa sehemu kubwa sana. Blowa inazimwa?"

Nikaanza kufuta meza. Akaendelea kana kwamba nimejibu. Alisema vijidudu vinavyokula homoni ni vya polepole, vinazaliana kidogo kidogo, vinataka hewa kutwa kucha na vinaishi katika tope la siku nyingi. "Lile tope unalolitoa kila mwezi ndilo fundi mwenyewe. Unamfukuza kabla hajaijua kazi." Kinachobaki baada ya hapo, akasema, hunaswa na makaa ya vifuu vya nazi, si haya ya kupikia, bali yaliyochomwa tena kwa mvuke yakawa na vitundu visivyoonekana. Vifuu! Kwetu tunavitupa kando ya njia.

Nilimuuliza kama mtu akimla samaki huyu atadhurika. Alisema hilo hakulipima, hawezi kusema asilolipima. Nikamheshimu kwa jibu lile, na siku chache baadaye mimi nikafanya kinyume.

Maana nilielewa pale pale, kabla hajafunga kasha lake. Bwawa la dada yangu lilikuwa bwawa la majike. Hakuna dume aliyewahi kuingia humo. Madume kumi ya kununua Kwale, ndoo moja tu, na jina lake lingerudi. Tena nilifikiri jambo ambalo bado hunichoma: yale maagizo ya kushika mimba, ambayo yeye aliyaombea dua ujana wake wote, kwangu yalikuwa yakimwagika bombani kila siku, na mimi nimezima mashine ili nilale.

Nilipanda kwake Jumapili ile. Nilikuwa nimekusudia kusema. Alikuwa uani, akanipa maji, akaniuliza kabla sijaketi vizuri.

"Kaka, wewe umesoma. Niambie kweli. Samaki wana nini?"

Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikaona mwenyekiti wa kikundi akienda Diani kulalamika, nikamwona meneja akiuliza nani aliyezima blowa, nikajiona mimi, msomi wa kijiji, ninayejulikana kuwa nilimpa dada yangu samaki wa chooni. Hayo yote yalipita kwa muda wa kunywa funda moja.

"Labda maji ya bonde yana chumvi," nikasema.

Aliniamini. Kesho yake akaanza kuchimba mfereji kutoka chemchemi iliyoko juu ya shamba letu hadi bwawani, ili maji matamu yasukume yale ya chumvi. Alichimba peke yake, kwa sababu wenzake walikuwa wamechoka naye. Ilimchukua tangu mvua za vuli zilipokatika hadi karibu na masika. Mara moja nilikwenda nikamkuta ndani ya mtaro hadi magotini, leso ameifunga kiunoni, viganja vimepasuka, akaniambia, "Usisimame hapo kama mkoloni, shika jembe." Nikashika jembe. Nikachimba naye hadi adhuhuri, na bado sikusema.

Maji ya chemchemi yakafika bwawani. Samaki hawakuzaa. Basi yale yaliyokuwa uvumi yakawa ushahidi: hata maji matamu yamemkataa. Kikundi kikavunjika, bwawa likaachiwa vyura. Kwenye harusi wakaacha kumwita kumpamba bibi harusi, kazi aliyokuwa akiifanya tangu usichana na mikono yake ya hina ikisifiwa hadi Majoreni. Hakuna aliyemfukuza. Hawakumwita tu.

Hotelini, ripoti ya yule binti ilipofika, wakubwa walitaka mtambo urekebishwe. Mwaka wangu wa mwisho wa kazi niliutumia kufanya yale ambayo ningeyafanya mwanzo. Tulijenga kile chumba cha matofali ya matumbawe, kwa siku nne, na mgeni hakusikia tena kitu. Blowa ikafanya kazi mchana na usiku. Tope nililiacha likomae, nikatoa kidogo kidogo tu kama anayepunguza chachu. Mwishoni tukaweka tangi la makaa ya vifuu. Yule binti alirudi mara mbili na chupa zake, akasema homoni zimeshuka sana, si kwisha kabisa, ila sana. Alipasua vifaranga vipya akanionyesha madume. Nilimwambia hongera. Nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Nilistaafu, na ndipo nikaenda kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Nilisema yote, vibaya, nikianzia katikati, homoni na tope na madume. Alinisikiliza mikono ikifanya kazi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hujachimba mfereji."

Mikono ikasimama.

"Kabla ya mfereji."

"Ndiyo."

Kuku alikuja akadonoa majani mkekani naye hakumfukuza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi usiniambie. Mkono wangu naujua, si mkavu. Kawaambie wao."

Nikamwambia nitakwenda. Aliinuka akanifungia fungu la mchicha, akanipa, nami nikaondoka nalo.

Sikwenda wiki ile. Wiki iliyofuata kulikuwa na maziko kijijini, nikaona si wakati. Halafu Ramadhani. Halafu nikajiambia maneno yenyewe yamekwisha poa, nitayafufua ya nini. Mtu mzima huwa na sababu nyingi akitaka. Dada yangu hakunikumbusha hata mara moja. Tulikutana, tukajuliana hali, akaniita kaka kama siku zote, ila mizaha ilikwisha. Nilijua ameacha kunitania, na kwetu mtu asiyekutania ni mgeni wako.

Alifariki asubuhi ya siku ya soko, sukari ikiwa imempanda. Tulimzika baada ya alasiri.

Jeneza likiwa mbele yetu, imamu aliuliza kama ilivyo desturi: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze kwa jamaa zake. Mimi nikasogea mbele. Nikasema kwamba mimi ndimi ninayedaiwa na yeye. Nikasema kuhusu samaki, kwamba walikuwa majike wote tangu ndooni, kwamba maji yangu ndiyo yaliyowaharibu, kwamba nilijua na nikamwachia aibu isiyokuwa yake. Niliposema homoni niliona wanaume wawili wakitazamana. Mpwa wetu mmoja akanishika kiwiko. "Basi, mjomba, basi. Uchungu huo. Pole." Wakaniketisha. Imamu akasema Mungu amrehemu, na sala ikaendelea.

Na waliokuwa wakimsema, wanawake, walikuwa ndani ya nyumba wakimsomea. Hakuna hata mmoja wao aliyenisikia.

Baada ya matanga nilikwenda kwa yule aliyekuwa mwenyekiti. Safari hii nilieleza vizuri, pole pole, kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza, akitikisa kichwa, akaniongezea chai.

"Ah, kaka. Hayo ya samaki unayabeba hadi leo? Sisi tulishasahau zamani. Yalikuwa maneno tu ya wanawake kazini."

"Yeye hakusahau," nikasema.

"Masikini," akasema. "Angetuambia."

Nilirudi kwa njia ya bondeni. Bwawa limejaa matete na mtu amepanda majimbi ukingoni. Mfereji lakini bado unatiririka. Aliuchimba vizuri, na mteremko wake ni sawasawa, hata mvua haijaubomoa. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikachuchumaa nikatia udhu pale, kwa maji ya chemchemi, ya tano katika yale saba yake. Yalikuwa baridi. Nilipomaliza kuosha miguu nilibaki nimekaa ukingoni na viatu mkononi, hadi kivuli kikahama, na sala nikaiswali kwa kuchelewa.